Mwalimu Nikolaus Mihambo, Aliyekataza Kilio

Baba Padri, masista, wazee wa kigango, majirani wa Itundumo, nanyi ndugu zetu Waislamu mliotoka Tabora mjini kuja kutusitiri, ukoo wa Mihambo umenisimamisha mimi, Modest, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, niwasomee maisha ya kaka yetu kabla hatujamkabidhi kwa udongo, leo Jumamosi, tarehe 19 Julai 1958. Wapo katika ukoo walionishauri nisome yale mazuri tu, kwa kuwa maiti hasemwi, lakini marehemu mwenyewe aliagiza, akiwa na akili zake timamu, kwamba lile baya lisomwe pia, na lisomwe kwa sauti ya kuwafikia hata walioketi nje ya ua, basi mwenye kuona haya na aone, mimi nimetumwa naye.

Marehemu Nikolaus Mihambo alizaliwa mwaka wa 1903 huko Ziba, mwezi hatuujui, ila mama alizoea kutuambia kwamba mtama ulikuwa umefika magotini, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa Mzee Mihambo na Bibi Minza. Baba yetu alikuwa mpagazi, katika wale wa mwisho mwisho, alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo kabla ya kuja kwa reli, na katika safari moja, kwenye nyika za Ugogo, alishikwa na tumbo la kuhara damu, wenzake wakamwacha chini ya kichaka wakidhani amekwisha. Aliyemwokota ni Mzaramo mmoja wa msafara mwingine, jina lake Twalibu, ambaye alimnywesha uji na kumwosha kama mtoto, huku akimhimiza afe upesi ili yeye apate kurithi shuka lake, na baba alipopona wakawa watani wa kufa na kuzikana, Twalibu akahamia Tabora, akaoa huko, akamzaa Shomari, mshona makubadhi wa Gongoni ambaye wengi wenu mmevaa kazi ya mikono yake.

Kwa wageni wasioujua utani wetu, na hasa masista wetu waliotoka mbali, niseme kidogo, kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu siku za misafara, mmoja aweza kumtukana mwenzake hadharani, kumvua kofia, kumwingilia jikoni na kufunua chungu, na anayetaniwa haruhusiwi kukasirika hata chembe. Panapotokea msiba ndipo mtani hupata kazi yake kubwa, hufika na vituko, huvaa nguo za marehemu, humwiga mwendo na sauti, mpaka wafiwa wacheke wasitake, na wakishacheka, yale machozi yaliyokwama hupata njia. Wazee wetu hawakuwa wajinga walipopanga hivyo.

Kaka alianza kusoma mwaka wa 1913 katika shule ya misheni, lakini vita vya Wazungu vikakatisha masomo, na mwaka wa 1916, kabla Wabelgiji hawajaingia Tabora, baba yetu alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, akaondoka asubuhi akiwa na kibuyu cha maji, na hadi leo hatujui alipolala. Mama alilia, na hapa naomba mnielewe vizuri, alilia mpaka akasahau kulima, msimu ukapita, akakaa mlangoni akiangalia njia, akimfukuza kila aliyekuja kumfariji, na kiangazi kilichofuata njaa iliingia ndani ya nyumba ile, ikawachukua ndugu zetu wawili waliokuwa kati yangu na kaka, wote katika mwezi mmoja. Kaka aliwachimbia kaburi yeye mwenyewe, akiwa na miaka kumi na minne, wala hakudondosha chozi, na jioni ile alitwaa jembe akaenda kulima shamba la mama, akanifunga mimi mgongoni. Tangu siku hiyo alikichukia kilio kama mtu anavyomchukia nyoka aliyeua nyumbani kwake, na sidhani kama tuliobebwa mgongoni tuna haki ya kumlaumu kwa hilo.

Alibatizwa siku ya Noeli ya mwaka 1918 akaitwa Nikolaus, akaendelea na masomo, na kati ya mwaka 1922 na 1924 alisomea ukatekista, akafuzu vizuri, na mwezi wa Januari 1925 akatumwa hapa Itundumo kuwa katekista na mwalimu, kazi aliyoifanya kwa uaminifu mpaka ugonjwa ulipomwangusha. Shule mnayoiona pale aliijenga kwa miti na udongo pamoja na baba zenu, na wengi mliokaa hapa mlijifunza herufi ya kwanza kwa kuichora mchangani mbele ya macho yake makali.

Tarehe 12 Septemba 1927 alifunga ndoa takatifu na Bibi Apolinaria, ambaye yupo mbele yetu hapa, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Dionis aliyezaliwa mwaka 1929, Marcelina mwaka 1933, na Katarina mwaka 1937. Ndoa yao ilikuwa ya heshima, ila shemeji ameniruhusu niseme kwamba ilikuwa pia ya kimya, kwa sababu katika nyumba ya Mwalimu hakuna aliyeruhusiwa kununa, kupaza sauti, wala kulia, na mtoto aliyeanguka aliambiwa asimame kwanza ndipo aulizwe ameumia wapi.

Hayo ya nyumbani aliyatoa nje akayafanya sheria ya kigango. Kwenye misiba ya Wakristo hapa Itundumo, kaka alifika mapema, akasimama mlangoni, na mwanamke aliyeanza kuomboleza aliambiwa anyamaze, kwamba anayeamini ufufuko halii, na kwamba machozi ni ya wapagani. Hilo hakufundishwa na padri yeyote, alijitungia mwenyewe, na Padri mmoja alipomkumbusha kwamba Bwana wetu naye alilia mbele ya kaburi la rafiki yake, ingawa alijua kabisa kwamba baada ya kitambo kidogo atamwita atoke, kaka alijibu kwa adabu kwamba ndiyo, Baba, kisha akaendelea vilevile. Watu walimwogopa, wakamsifu pia, wakisema Mwalimu ana imani kama jiwe, naye sifa hiyo ilimpendeza kuliko ilivyompasa.

Aliyethubutu kumchezea alikuwa mmoja tu, Shomari. Kila alipokuja kutoka mjini alianza kupiga kelele tangu kwenye mihogo, akimwita mpagazi aliyetupa mzigo akaokota rozari, akiingia ndani na kuketi kwenye kiti cha Mwalimu, akiwauliza wanafunzi kama huyu mzee wao amewahi kucheka au meno yake yameota ndani kwa ndani, na kaka, jiwe lile, alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Shemeji anasema kwamba siku ambazo Shomari alikuja ndizo alizokuwa na mume, siku nyingine alikuwa na mwalimu.

Sasa nafika mahali alipotaka nifike. Kijana wao Dionis, aliyekuwa ameajiriwa relini Tabora, mpole, mwenye kigugumizi kilichomfanya asalimie taratibu, aliugua homa ya uti wa mgongo, akafariki tarehe 3 Machi 1949, akiwa na umri wa miaka ishirini tu, akaletwa hapa kuzikwa. Kaka alisimama mlangoni pake mwenyewe kama alivyosimama milangoni mwa wenzake, akakataza kilio, akamwambia mama wa mtoto kwamba watu wote wanamtazama yeye kuona kama imani ni ya kweli, na shemeji akatii, akakaa kwenye mkeka macho makavu, midomo imempasuka, hanywi maji, hasemi, mpaka akina mama wakaanza kunong'ona kwamba tutazika wawili.

Shomari alifika saa za mchana, akaiona hali ile, akajua kazi yake. Aliingia chumbani, akavaa koti la reli la Dionis, akatoka nalo akitembea kama Dionis, bega moja juu na jingine chini, akapiga magoti mbele ya shemeji, akaanza kumpa shikamoo kwa kile kigugumizi chenyewe, neno likikwama na kukwama, halafu akamwomba ugali, kwa sababu Dionis kila alipofika kutoka kazini ndivyo alivyofanya. Shemeji alimtazama, akacheka, kicheko kikageuka, na kilio alichotoa hapo kilisikika ng'ambo ya mto, wanawake wote wakaitikia, waliokuwa wamezuiwa miaka mingi wakamlilia Dionis na kuwalilia pia wafu wa kwao.

Kaka alikuwa nyuma ya nyumba walikokuwa wakichonga msalaba. Alikuja akiwa na mpini wa jembe mkononi, akaona mtu mwenye koti la mwanawe, akasikia kigugumizi cha mwanawe, akasikia kilio ndani ya nyumba yake, na yale yote aliyoyafungia tangu alipokuwa na miaka kumi na minne, baba aliyepotea, wadogo wawili aliowazika, mtoto aliyekuwa bado hajafukiwa, yalitoka kwa siku moja kupitia mkono mmoja. Alimpiga mtani wake usoni. Mimi nilikuwepo, nilimshika kiuno kwa nyuma, nilichelewa, na Shomari bin Twalibu alipoteza jicho lake la kushoto kwenye mkeka wa matanga, akiwa katika kazi ya kuwasaidia waliofiwa. Ndugu zangu, katika nchi yetu mtu amewahi kuua na akasamehewa, lakini kumpiga mtani msibani ni jambo ambalo wazee hawakuwa hata na adhabu yake, kwa sababu hawakuwaza kwamba lingetokea.

Serikali ilipotaka kumfunga kaka, Shomari alisimama barazani, kitambaa kikiwa kimefungwa usoni, akasema kwamba mtani hashitakiwi, na kesi ikafutwa. Wazee wa pande mbili walitaka achinjiwe mbuzi, akasema hahitaji mbuzi, amekwisha samehe. Na tangu siku ile, kila kaka alipokwenda Gongoni kumtazama, Shomari aliinuka, akapangusa kiti, akamwita Bwana Mwalimu, akamwuliza hali ya nyumbani, akamtilia kahawa, akamsindikiza hadi njia panda. Hakumtania tena hata kwa neno moja. Asiyeutambua utani ataona kwamba huo ni uungwana, lakini kaka aliijua adhabu aliyopewa, kwamba amefanywa mgeni, na mara moja alijaribu kuanza yeye, akamwambia Shomari kwamba ni mvivu wa pwani anayengoja nazi zimdondokee mdomoni, Shomari akainamisha kichwa, akajibu ahsante sana Bwana Mwalimu. Kaka alirudi hapa kwa miguu akiikokota baiskeli, hakuweza kuipanda.

Baada ya hapo alianguka upande wa pili, na hili nalo aliagiza lisemwe. Aliyekuwa hajui kulia akawa hajui kunyamaza, aliacha kufundisha, aliacha Misa, alikaa mlangoni akiangalia njia ya Tabora kama mama alivyoikaa ile njia nyingine, akisema kwamba mtu kama yeye Mungu hana haja naye, na mwaka mzima wa 1950 shemeji ndiye aliyelima peke yake. Padri wa wakati ule alikuja kumkemea, akamwuliza ni nani aliyemkosea Bwana zaidi usiku ule wa kukamatwa kwake, yule aliyemuuza au yule aliyemkana, kisha akamwambia kwamba wote wawili walijuta, ila mmoja majuto yake yalipita kiasi yakamfikisha kwenye kamba, na mwingine alilia sana, akafuta uso, akarudi kuwalisha kondoo, basi achague. Shemeji naye hakuachia hapo, alimwambia mbele ya Padri kwamba machozi yake aliyafunga yeye, na jicho la Shomari ndilo lililolipa, asije sasa akafunga na chakula cha mabinti.

Kaka alirudi darasani Januari 1951, akiwa mtu mwingine, si mtu wa furaha, nisiwadanganye, ila mtu wa kadiri. Aliwafundisha watoto wenu kwamba hasira ni moto, ukiuweka kwenye mafiga unakula ugali, ukiuficha kwenye makuti ya dari unalala nje, na kwamba Mkristo hakukatazwa kukasirika, amekatazwa kulala nayo, jua lisizame akiwa bado ameishika. Alipoudhika alisema ameudhika, siku ileile, kwa mtu yuleyule, kwa sauti ya kawaida, kisha akaenda kuchota maji hata kama mtungi umejaa. Misibani aliacha kusimama mlangoni, alikaa na wafiwa, akawaambia walieni wenu, halafu ikifika jioni aliwaamsha wale uji, na aliyekataa uji alimbembeleza mpaka akanywa, kwa kuwa alizijua njaa za aina zote mbili.

Hata hivyo aliendelea kwenda Gongoni, na Shomari akaendelea kumpangusia kiti. Mara kwa mara nilimwambia aache, mtu amekwisha samehe kwa mdomo wake, nini tena, naye alinijibu kwamba Shomari amesamehe deni, hajamsamehe mtu, na yeye hatakufa vizuri mpaka atukanwe.

Ugonjwa wa kifua ulimwanza mwezi wa Oktoba 1957, akatibiwa kwa dawa za nyumbani na za misheni, ukatulia, ukarudi, na tarehe 2 Juni mwaka huu tulimlaza hospitali ya Tabora, pale Kitete, ambako madaktari walifanya kila lililokuwa katika uwezo wao. Alipokea sakramenti zote. Siku ya Jumatano, tarehe 16, alimtuma Marcelina kwa Shomari, aende amwambie kwamba mpagazi anashusha mzigo, na Shomari akamjibu binti kwa heshima zilezile kwamba atakuja kumwona Bwana Mwalimu.

Yafuatayo nayasoma kwa ruhusa ya Mzee Shomari mwenyewe. Jumatano ile jioni alifunga kibanda chake, akatembea mpaka kwenye lango la hospitali, akasimama pale mpaka wageni wote wakatoka, akarudi nyumbani. Anasema hakujua aanze na neno gani, kwamba heshima aliyoivaa kwa miaka tisa ilikuwa ndiyo hasira yake, ameishona vizuri kama anavyoshona ngozi, na alipotaka kuivua pale langoni hakuupata mwanzo wa uzi, akasema atakwenda kesho. Kaka alimngoja huku ameelekeza uso mlangoni, na Alhamisi, tarehe 17 Julai 1958, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, akiwa hajatukanwa.

Shomari alifika jana asubuhi hapa nyumbani, akakuta jeneza sebuleni. Waliokuwepo mlishangaa, na wengine mlitaka kumtoa, alipoanza kumkaripia maiti kwa sauti, akimwuliza ni Mnyamwezi wa wapi anayebebwa na watu wanne, hali ukoo wao wote kazi yao ni kubeba, akimwambia ainuke aache uvivu, akimwita kwa majina ambayo mbele ya Baba Padri sitayarudia. Aliyasema yote ya miaka tisa. Tulicheka, shemeji alicheka, mabinti walicheka na kulia, na mtu mmoja tu katika nyumba ile, yule aliyeyatamani maneno hayo kuliko dawa za hospitali, hakuyasikia. Mimi sina uhodari wa kuhubiri, lakini wenye masikio na waende leo kabla jua halijazama, maana hapa watu wawili wazuri, mmoja akienda Misa na mwingine akienda msikitini, walipendana kwa maisha yote na wakapishana kwa usiku mmoja.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mimi. Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitete waliomgeuza kitandani kama ndugu yao, Baba Padri aliyemfikishia sakramenti, walimu wenzake walioshika darasa lake bila kuulizwa, majirani mliolala nje kwenye baridi na upepo huu wa Julai, na akina mama mliopika, nanyi mliokuja kutoka mjini na mkeka wenu na kahawa yenu, Mungu atawarudishia pale tusipoweza sisi.

Jambo la mwisho, na hapa naomba subira yenu. Asubuhi, wachimbaji walipomaliza, Mzee Shomari alishuka kaburini kulijaribu kama ilivyo desturi ya mtani, akajilaza, akatangaza kwamba ni fupi, haliwezi kumtosha mtu mwenye kiburi kirefu namna ile, na kwamba hatoki mpaka aletewe jogoo, watu wakacheka, jogoo akaletwa, lakini hakutoka. Mpaka nisomapo hapa bado yumo, na sauti mnayoisikia, kwa wale wanaoulizana, si ya utani tena. Vijana walitaka kushuka wamshike mikono, shemeji Apolinaria amewazuia, amesema mtu huyo aachwe amlilie mwenzake, asikatazwe na yeyote, akishamaliza kadiri yake atapanda mwenyewe, ndipo tuzike. Basi tuketi, ndugu zangu, tumngoje. Nawe kaka Nikolaus, uliyetungoja sana, tungoje na sasa kidogo, kisha upumzike kwa amani.